Mbakaji Ni Wewe: Wanawake wa Amerika ya Kilatini na Sanaa ya Kuishtaki Dola

Julai 2003, katika Jiji la Guatemala, mwanamke aliyevaa gauni jeusi aliondoka mbele ya Mahakama ya Katiba akiwa pekupeku, mikononi amebeba beseni jeupe lenye damu ya binadamu. Kila baada ya hatua kadhaa alilitua beseni, akachovya nyayo zake ndani, akalibeba tena na kuendelea. Hakuwa na bango wala kipaza sauti. Alipita hivyo katikati ya watu hadi kwenye Kasri la Taifa, ambako polisi walikuwa wamejipanga kulinda lango. Akaliweka beseni mbele yao, akaenda zake. Nyuma yake ulibaki mstari wa nyayo nyekundu ulioanzia mlangoni mwa haki na kuishia mlangoni mwa madaraka.

Huyo alikuwa Regina José Galindo, mshairi aliyekuwa hajatimiza miaka 30, na kazi hiyo aliipa jina la swali: nani anaweza kufuta nyayo? Raia wa Guatemala hawakuhitaji kuelezwa. Jenerali Efraín Ríos Montt, aliyetwaa nchi kwa mapinduzi mwezi Machi 1982 na kuitawala hadi Agosti 1983, alitaka kugombea urais. Katiba inamzuia kiongozi wa mapinduzi kugombea, lakini Mahakama ya Katiba ilikuwa imemfungulia njia. Vita vya Guatemala vilidumu tangu 1960 hadi 1996. Tume ya ukweli iliyoungwa mkono na Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba watu 200,000 waliuawa au kupotezwa, na kwamba asilimia 83 ya wahanga waliotambuliwa walikuwa Wamaya. Miezi ya utawala wa jenerali huyo ilikuwa miongoni mwa ile iliyomwaga damu nyingi kuliko yote. Baada ya hayo, majaji wakaridhia jina lake liwekwe kwenye karatasi ya kura.

Nimeanza na safari hiyo ya miguu kwa sababu inaonyesha vizuri kuliko kazi nyingine yoyote jambo ninalotaka kulitetea. Watu wakisikia habari za sanaa ya utendaji, ile ambayo mwili wa msanii ndio kazi yenyewe, na hasa wakisikia kuna damu, uchi na wanawake wanaopaza sauti barabarani, hudhani shabaha ni kushtua. Kushtua ni kazi nyepesi na husahaulika kabla ya juma kwisha. Kilichoifanya sanaa ya wanawake wa Amerika ya Kilatini kuwa upinzani wa kweli ni usahihi wake. Huchagua mahali palepale uhalifu ulipobarikiwa. Huchukua ishara na maneno ya mkandamizaji na kumrudishia mbele ya watu. Na pale serikali ilipohakikisha hakuna jalada, mwili wa mwanamke husimama badala ya jalada.

Desturi hiyo haikuanzishwa na wasanii. Ilianzishwa na akina mama waliokuwa wakitafuta watoto wao. Tarehe 30 Aprili 1977, wanawake 14 walikutana katika Plaza de Mayo jijini Buenos Aires, mbele ya ikulu ya Argentina, kuuliza walipo vijana wao waliochukuliwa na utawala wa kijeshi. Mikusanyiko ilikuwa marufuku. Polisi wakawaambia wasisimame pale, watembee. Wakatii amri hiyo neno kwa neno: wakatembea wawili wawili, wameshikana mikono, wakiuzunguka mnara ulio katikati ya uwanja. Amri ya kuwatawanya ndiyo ikageuka kuwa maandamano, na kila Alhamisi wakarudi kutembea. Miezi michache baadaye wakaanza kujifunga vichwani vitambaa vyeupe, na vya kwanza vilikuwa nepi za nguo, ili watambuane katika umati. Desemba mwaka huohuo watatu kati ya waasisi wao, Azucena Villaflor, Esther Ballestrino na María Ponce, walitekwa na kuuawa. Mabaki yao yalitambuliwa mwaka 2005. Alhamisi iliyofuata utekaji ule, waliobaki walirudi uwanjani.

Wenzao wa Chile walifanya jambo linalonigusa zaidi kwa udogo wake. Cueca ni ngoma ya taifa ya Chile, ngoma ya mwanamume na mwanamke wanaozungukana na leso mikononi, na utawala wa kijeshi wa Jenerali Pinochet uliipenda kwa sababu ilimpa jenerali sura ya mzalendo. Mwaka 1978 wanawake wa chama cha jamaa za waliopotezwa walipanda jukwaani na kuicheza cueca wakiwa peke yao, picha ya mume au mwana ikiwa imebandikwa kifuani. Hatua zilikuwa zilezile, leso ileile, ila nafasi ya mwenzi ilikuwa tupu. Hakuna aliyehitaji hotuba. Jenerali hangeweza kupiga marufuku ngoma ya taifa lake mwenyewe.

Miaka 41 baadaye, katika nchi hiyohiyo, mbinu ileile ilizaa onyesho lililosambaa duniani kuliko lolote la kifeministi ninalolijua. Dafne Valdés, Sibila Sotomayor, Paula Cometa na Lea Cáceres, wanawake wanne wa jiji la Valparaíso waliojiita LASTESIS, walikuwa na kazi mahususi: kuchukua nadharia za wanazuoni wa kike, ambazo kwa kawaida hubaki kwenye rafu za vyuo, na kuzigeuza wimbo, mdundo na miondoko ambayo mtu yeyote angeelewa. Walikuwa wakimsoma Rita Segato, mwanaanthropolojia wa Argentina aliyefundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Brasília na kuwahoji gerezani wanaume waliofungwa kwa ubakaji. Segato alihitimisha kwamba ubakaji ni tendo la mamlaka kuliko la tamaa: mbakaji hujiona anamwadhibu mwanamke aliyetoka nje ya nafasi aliyopangiwa, na anafanya hivyo ili wanaume wenzake wamwone. Kwa hoja hiyo, kumtazama mbakaji kama mnyama mmoja aliyepotoka ni kujidanganya, kwa kuwa kuna mfumo mzima unaomfundisha na kumlinda.

Oktoba 2019 Chile ililipuka. Kisingizio kilikuwa nauli ya treni ya chini ya ardhi ya Santiago kupanda kwa peso 30, na kiini kilikuwa miongo mitatu ya maisha ya anasa kwa wachache na madeni kwa waliosalia. Polisi, Carabineros, walijibu kwa risasi za mpira na mabomu ya machozi. Mamia ya waandamanaji waliumizwa macho, na taasisi ya taifa ya haki za binadamu ikapokea malalamiko ya wanawake waliovuliwa nguo na kudhalilishwa vituoni. Katika hali hiyo LASTESIS walilitoa onyesho lao mitaani Valparaíso tarehe 20 Novemba, kisha Santiago tarehe 25, siku ya kimataifa ya kupinga ukatili dhidi ya wanawake.

Litazame kwa makini utaona halina kipengele cha bure. Jina lake, "Mbakaji Katika Njia Yako", linaigeuza kaulimbiu ya zamani ya Carabineros waliojiita rafiki katika njia yako. Wanawake wamejifunga vitambaa vyeusi machoni. Katikati ya wimbo wanachuchumaa na kuinuka, mikono kisogoni: ndivyo polisi walivyowalazimisha wanawake waliokamatwa kufanya wakiwa uchi. Kisha unaingia ubeti uliochukuliwa mzima kutoka kwenye wimbo rasmi wa jeshi hilo la polisi, ule unaombembeleza msichana asiye na hatia alale bila hofu kwa maana askari mpenzi wake anakesha. Maneno hayo yaliandikwa kama sifa. Yakiimbwa na mwanamke aliyefungwa macho, huku amechuchumaa, yanakuwa ungamo. Kidole kinanyooshwa mbele: mbakaji ni wewe, ni polisi, ni majaji, ni dola, ni rais. Na kabla ya hapo wamekwisha kusema, pamoja, kile ambacho kila aliyewahi kukaa mbele ya dawati la polisi kuripoti ubakaji alitamani kukisema: kosa halikuwa langu, wala mahali nilipokuwa, wala nguo niliyovaa.

Kufikia tarehe 29 Novemba, siku tisa baada ya Valparaíso, wanawake walikuwa wakiliimba katika uwanja mkuu wa Jiji la Mexico na jijini Paris. Waasisi hawakudai umiliki. Walihimiza kila nchi ibadilishe maneno kulingana na wabakaji wake na polisi wake. Huko Istanbul polisi waliwatawanya walioimba na kuwakamata baadhi yao. Siku chache baadaye wabunge wanawake wa upinzani wakauimba wimbo ndani ya bunge la Uturuki wakigonga madawati, na mmoja wao akamwambia waziri wa mambo ya ndani kwamba nchi yao sasa ndiyo pekee ambako mtu anahitaji kinga ya kibunge ili kushiriki onyesho hilo.

Mkusanyiko mmoja unastahili kutajwa peke yake. Tarehe 4 Desemba 2019, wanawake waliopita miaka 40, wengine wakiwa bibi wa wajukuu, waliitana nje ya Uwanja wa Taifa wa Santiago. Walifika kwa maelfu, wamevaa nguo nyeusi na skafu nyekundu. Uwanja huo wa michezo, mwishoni mwa 1973, Pinochet aliugeuza kambi ya mateso. Maelfu walipitia humo, na wanawake walifungiwa katika vyumba vya kubadilishia nguo vya bwawa la kuogelea. Kati ya walionyoosha kidole siku ile wamo ambao wangeweza kuyakumbuka mambo hayo kwa miili yao wenyewe. Vijana waliutunga wimbo wakiwaza polisi wa 2019. Wazee walipouimba mbele ya uwanja ule, shtaka likarudi nyuma miaka 46 bila neno hata moja kubadilishwa. Hiyo ndiyo maana ya mahali katika sanaa hii. Mstari uleule, ukisogezwa kutoka barabara moja hadi nyingine, unamtaja mhalifu mwingine.

Carabineros walielewa hivyo. Juni 2020 waliwafungulia LASTESIS malalamiko ya uchochezi kwa sababu ya video waliyoitengeneza pamoja na Pussy Riot, kundi la muziki wa upinzani la Urusi. Mahakama iliyatupa mwanzoni mwa 2021. Taasisi yenye bunduki na magari ya kurushia waandamanaji maji haiwakimbilii waendesha mashtaka kwa ajili ya wanawake wanne wasio na madhara.

Ningeacha pengo kubwa kama ningezungumzia mitaa tu, kwa maana kuna tendo lililofanyika ndani ya nyumba ambalo bado halijapata mfano. Ana Mendieta alizaliwa Havana mwaka 1948. Mwaka 1961, akiwa na miaka 12, wazazi walimpeleka Marekani pamoja na dada yake katika mpango wa Kanisa na serikali ya Marekani uliowahamisha maelfu ya watoto wa Cuba. Walizungushwa katika makao ya watoto na nyumba za kulelewa huko Iowa, mahali ambapo msichana Mlatina alikumbushwa kila siku kwamba hakuwa wa pale. Machi 1973, Mendieta akiwa mwanafunzi wa sanaa katika Chuo Kikuu cha Iowa, mwanafunzi mwenzao alibakwa na kuuawa chuoni hapo. Magazeti yaliandika, watu wakanong'ona, masomo yakaendelea.

Mendieta aliwaalika wanafunzi wenzake nyumbani kwake. Walipofika walikuta mlango umeachwa wazi kidogo. Ndani, mwanga ulielekezwa kwenye meza, na mwenyeji wao alikuwa ameinamishwa juu yake, amefungwa, amevuliwa nguo kuanzia kiunoni, miguu ikitiririka damu, vyombo vimevunjika sakafuni. Hakusogea. Wale wageni hawakuwa watazamaji waliokata tiketi. Walikuwa majirani walioingia kwenye chumba cha tukio, na kila mmoja ilimbidi aamue pa kuweka macho yake. Walikaa, wakaanza kuzungumza juu ya mauaji yale. Mwaka huohuo alimwaga damu kwenye kibaraza cha jengo moja la mjini, ikionekana kama inatoka chini ya mlango, akapiga picha za wapita njia. Wengi walitupa jicho na kuendelea na safari. Picha hizo zinaniumiza kuliko zile za meza, kwa sababu ndani yake hakuna mbakaji, kuna watu wa kawaida wenye haraka zao.

Septemba 1985 Mendieta alianguka kutoka ghorofa ya 34 ya jengo alimokuwa akiishi New York na mumewe, mchongaji Carl Andre. Andre alishtakiwa kwa mauaji na mwaka 1988 jaji alimwachia huru. Katika kesi hiyo, kazi za marehemu zenyewe zilivutwa na upande wa utetezi kudokeza kwamba huenda mwanamke aliyechora miili ardhini alikuwa anakitafuta kifo. Yaani sanaa aliyoitumia kuonyesha jinsi wanawake wanavyouawa na kusahauliwa ikageuzwa hoja dhidi yake. Hukumu ni hukumu na siibishii hapa. Ila ulimwengu wa sanaa uliendelea kumwandalia Andre maonyesho kana kwamba hapakuwa na swali, na wanawake hawakukubali. Mwaka 1992, jumba la sanaa la Guggenheim lilipofungua tawi lake katika mtaa wa SoHo, New York, na kazi za Andre zikiwemo, mamia walisimama nje wakiuliza yuko wapi Ana Mendieta. Mwaka 2014 kundi la wasanii lilimwaga damu na matumbo ya wanyama mbele ya taasisi ya sanaa ya Dia jijini New York wakati wa maonyesho ya Andre. Waliijibu kwa lugha ya Mendieta mwenyewe.

Turudi kwa Galindo, kwa sababu ndiye anayetulazimisha kuuliza swali gumu zaidi: bei. Mwaka 2005 alijifungia ndani ya chumba kidogo na kujichapa mapigo 279, pigo moja kwa kila mwanamke aliyeuawa Guatemala tangu Januari mosi hadi tarehe 9 Juni ya mwaka ule. Nje watu walisikia sauti tu. Mwaka huohuo alijichora pajani kwa kisu neno la matusi ambalo wauaji walikuwa wakiliandika kwenye maiti za wanawake. Maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, yakampa tuzo ya Simba wa Dhahabu kama msanii kijana. Mtu anaweza kuuliza, na swali ni halali: je, hakuna wanawake wa kutosha walioumizwa, mpaka mwingine ajiumize?

Jibu langu linategemea kazi na kazi. Hilo la kisu linanitia shaka, maana jeraha linavuta macho kwa msanii na kuwaacha waliouawa nyuma. Lakini "La Verdad", yaani Ukweli, ya mwaka 2013 haina shaka hata chembe. Mwaka huo Ríos Montt hatimaye alipanda kizimbani kwa mauaji ya kimbari ya Waixil, jamii ya Kimaya ya nyanda za juu. Wanawake wa Kiixil walisimama mahakamani wakaeleza, mmoja baada ya mwingine, jinsi askari walivyowabaka. Tarehe 10 Mei jenerali alihukumiwa miaka 80. Siku kumi baadaye Mahakama ya Katiba, ileile ya nyayo za damu, ikaifuta hukumu kwa sababu za utaratibu. Galindo akaketi mbele ya hadhira na kuanza kuzisoma shuhuda za wanawake wale, neno kwa neno. Kila baada ya muda daktari wa meno alimkaribia na kumdunga ganzi mdomoni. Aliendelea kusoma. Ulimi ukawa mzito, midomo ikalegea, maneno yakageuka mguno, na bado aliendelea, zaidi ya saa nzima. Nchi nzima ilikuwa imetoka tu kuwaona majaji wakiufunga mdomo wa ushahidi kwa mkono uliovaa glavu safi.

Hata hapo pana mwiba. Galindo si Muixil. Ni mtu wa mji, wa tabaka la wasio Wamaya linaloitwa ladino, na masikitiko ya mabibi wale wa nyanda za juu yalipata hadhira ya kimataifa yakiwa yamepita kwenye mdomo wake. Naona ganzi inalijibu swali hilo kwa sehemu, kwa kuwa anachokionyesha ni kushindwa kwake kusema kwa niaba yao. Sehemu nyingine walijijibia wanawake wa Kimaya wenyewe. Februari 2016, katika kesi ya Sepur Zarco, wanawake wa Kiq'eqchi' waliotumikishwa kingono na askari miaka ya 1980 walikaa mahakamani siku baada ya siku nyuso zao zimefunikwa kwa shali zao za kufumwa. Hawakuiita sanaa. Waliamua wao nani ataona nini, mbele ya watu waliokuwa wamewavua kila kitu. Wanaume wawili walifungwa, ofisa wa jeshi miaka 120, na msaidizi wa jeshi 240. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya nchi yenyewe kuhukumu utumwa wa kingono uliotendwa katika vita vya nchi hiyo. Nikiulizwa onyesho kubwa kuliko yote ya Guatemala, nitataja shali zile kabla ya beseni.

Na kwa msomaji Mwafrika lipo jina lisiloweza kurukwa: Victoria Santa Cruz wa Peru, mzao wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani, aliyeishi kati ya 1922 na 2014. Katika shairi lake lililorekodiwa kwenye filamu mwaka 1978 anasimulia alivyokuwa mtoto wa miaka saba akipigiwa kelele barabarani, "Negra!", yaani mweusi! Kundi lililo nyuma yake linalirudia neno kwa makofi na midundo ya miguu, linamzingira. Mwanzoni anarudi nyuma, anachukia midomo yake, ananyoosha nywele. Kisha mdundo unageuka, na neno lilelile linatoka kifuani mwake kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusimama. Makundi ya wanawake wazungu na machotara wa Amerika ya Kilatini yalichelewa mno kuelewa kwamba kwa mwanamke mweusi, mnyanyasaji wa barabarani na mbaguzi wa rangi ni mtu mmoja.

Najua pingamizi litakalotoka kwa wasomaji wengi wa Kiswahili, na nalichukulia kwa uzito. Sisi tuna sitara. Kumwonyesha mwanamke uchi au katika damu, hata kwa nia njema, wengi huona ni kumvunjia heshima mara ya pili. Lakini Nairobi inajua jambo hili. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, pamoja na Wangari Maathai, waligoma kula katika bustani ya Uhuru. Polisi walipowavamia kwa virungu tarehe 3 Machi, baadhi ya wazee wale walivua nguo mbele ya askari waliokuwa na umri wa wana wao. Hakuna Mkenya aliyeuliza kama ule ulikuwa utovu wa adabu; kila mmoja alijua laana imeelekezwa wapi. Wengi wa wafungwa waliachiwa mwaka 1993. Sitara ni haki ya mwanamke, naye ndiye mwenye kuiondoa anapoona serikali imekwisha kuichana.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: je, imesaidia nini? Ríos Montt alishika nafasi ya tatu katika uchaguzi wa 2003, lakini hakuangushwa na nyayo peke yake, na alifariki mwaka 2018 kesi yake ya marudio haijakamilika. Chile, baada ya wimbo na maandamano, ilipata baraza la katiba lenye idadi karibu sawa ya wanawake na wanaume, jambo ambalo halikuwahi kutokea duniani. Septemba 2022 wananchi wakaikataa rasimu yake kwa takriban asilimia 62. Anayetarajia sanaa ipitishe sheria atakata tamaa mapema. Ninachokiona ni tofauti. Ubakaji wa dola unahitaji kukanwa ili uendelee. Unahitaji msemaji wa polisi wa kusema hakuna ushahidi, mwandishi wa habari wa kuandika "inadaiwa", jirani wa kusema huenda msichana mwenyewe alikuwa na tabia fulani. Baada ya wanawake elfu kumi kuchuchumaa pamoja mbele ya uwanja wa mateso, kukana kunahitaji nguvu zaidi na uso mkavu zaidi, na wapo watakaoshindwa.

Hatari ninayoihofia zaidi ni majumba ya makumbusho. Picha za Mendieta zinahifadhiwa Tate, London. Damu ya Jiji la Guatemala inatazamwa kwenye skrini katika vyumba vyenye kiyoyozi, mgeni akiwa na kahawa mkononi. Nafurahi kwamba kazi hazikupotea, na wasanii hawa wanastahili kula kwa jasho lao. Lakini tendo lililopata nguvu kutokana na mlango fulani wa mahakama fulani linadhoofika likiondolewa hapo, na taasisi zinazolinunua mara nyingi ni zilezile ambazo wanawake walizililia nje ya geti.

Kwa hiyo natazama kwa matumaini zaidi kazi iliyosafiri kinyume, kutoka jumba la makumbusho kwenda mitaani. Mwaka 1978 Mónica Mayer, aliyekuwa na miaka 24, alitundika kamba ya kuanikia nguo katika Jumba la Sanaa za Kisasa la Jiji la Mexico. Alikuwa amewaomba wanawake wa rika na tabaka mbalimbali wamalizie sentensi moja kwenye karatasi ndogo za waridi: kama mwanamke, kinachonikera zaidi katika jiji hili ni nini. Majibu mengi yalihusu kushikwashikwa kwenye mabasi na kufuatwa barabarani. Aliyabana kambani kwa vibanio, yakasomeka. Kazi ya kufua na kuanika, iliyoachiwa wanawake ndani ya ua, ikaanika mambo ya wanaume hadharani. Mayer hakuishia hapo. Mwaka 1987 yeye na Maris Bustamante walimvisha mtangazaji mashuhuri wa televisheni, Guillermo Ochoa, aproni yenye tumbo la mimba na kumtawaza mama wa siku moja mbele ya taifa zima.

Leo kamba hiyo si ya Mayer tena. Katika vyuo vikuu na shule za sekondari za Mexico wasichana huitundika wenyewe ukutani, na kwenye karatasi zao kuna zaidi ya malalamiko ya jumla: kuna majina ya wanafunzi wenzao na ya walimu. Wakuu wa taasisi hulalamika kwamba mtu anahukumiwa bila kusikilizwa. Wana hoja. Karatasi iliyobanwa kwa kibanio inaweza kumwonea mtu, na haki ya mtuhumiwa kujitetea haiwi ndogo kwa sababu tuhuma ni mbaya. Hata hivyo wasichana hao wana ofisi za kupokea malalamiko, zenye fomu na mihuri, na wanajua kesi za wenzao zilivyoozea humo. Mkuu wa chuo anayeiona kamba asubuhi ana mambo mawili ya kufanya: kuamuru ing'olewe, au kukaa chini na kuzisoma karatasi zote, moja moja, na kufungua jalada kwa kila jina lililoandikwa.